Moyo wa Mwandishi na Hatima ya Mswada Wake

Kipaji humwezesha mtu kuanza mswada. Kuumaliza, kuufikisha kwa mchapishaji na kuuona ukisomwa hutegemea zaidi mtazamo wake: anavyoiona kazi yenyewe, anavyowatazama watu anaowaandika, anavyopokea maneno ya mhariri, na anavyovumilia miezi ya kusubiri jibu. Katika Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, jambo hili lina uzito wa pekee. Anayeandika huko kwa kawaida ni mwalimu, padri, mstaafu au mkulima wa korosho, na huandika baada ya kazi nyingine kwisha. Wachapishaji wakubwa wako Dar es Salaam. Hakuna anayemdai kurasa zake. Asipojisukuma mwenyewe, mswada unalala.

Mafanikio yachukuliwe hapa kwa maana ya kawaida: kitabu kimekamilika, kimesomwa na watu wasiomjua mwandishi, na baada ya miaka kadhaa bado kuna anayekitafuta. Fedha ni sehemu ya hayo, lakini katika Tanzania ni wachache wanaoishi kwa vitabu peke yake, na anayeanza kuandika kwa kutegemea utajiri huishia kukata tamaa kabla ya sura ya tatu.

Historia ya eneo hili inaonyesha vizuri jinsi mtazamo unavyoacha alama kwenye maandishi. Mwaka 1876 Edward Steere, askofu wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, alitembea kutoka pwani akiwaongoza watu waliokuwa wamekombolewa utumwani na kulelewa Zanzibar. Safari ilielekezwa Ziwa Nyasa, lakini watu wale walipenda kukaa Masasi, na hapo misheni ikaanza. Miaka sita kabla ya hapo, 1870, Steere alikuwa ametoa mkusanyo wa hadithi za Kiswahili na kitabu cha kujifunzia lugha hiyo. Hadithi hizo alizipata kwa kukaa na wasimulizi wa Zanzibar, kuandika walivyosema, na kuuliza tena pale asipoelewa. Mwenzake Chauncy Maples, aliyefanya kazi Masasi, alichapisha 1879 kitabu cha awali cha lugha ya Kimakua. Wote wawili walikuwa wageni, na walikuja na nia yao ya kueneza dini. Mtu anaweza kuijadili nia hiyo na kuipinga. Hata hivyo walikaa mbele ya wenyeji kama wanafunzi, na ndiyo sababu watafiti wa lugha bado wanazifungua kurasa zao baada ya karibu miaka 150.

Karl Weule alikuja kwa namna nyingine. Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa bado vibichi, mtaalamu huyu wa ethnografia kutoka Leipzig alipita Masasi, Chingulungulu na Newala akiwa na kamera na mashine ya kurekodia sauti. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani 1908 na kwa Kiingereza mwaka uliofuata. Kina mambo mengi ambayo hayapatikani kwingine, zikiwamo habari na picha za unyago. Lakini kimejaa jicho la mkoloni anayewapima watu kama vielelezo vya kuwekwa makumbusho, na msomaji wa Newala anayekifungua leo hulazimika kuchambua ukweli kutoka katikati ya kejeli. Kitabu kilipata wasomaji Ulaya. Kwa watu kiliowaeleza hakijawahi kuwa kitabu chao, na hilo ni pungufu ambalo wingi wa nakala hauwezi kulifidia.

Tofauti hiyo inamgusa moja kwa moja mwandishi wa leo anayetaka kuandika juu ya jando na unyago, mada ambayo kila anayeandika kusini huikaribia mapema au baadaye. Zipo sehemu za mafunzo hayo ambazo kungwi, ngariba na wazee huzieleza hadharani bila shida, na zipo ambazo hazisemwi nje ya kundi. Mwandishi anayeona kila siri kuwa haki yake kwa sababu yeye ni msomi atapata sura moja ya kusisimua, kisha atakuta milango imefungwa anaporudi kutafuta ya pili. Njia iliyo salama ni kumweleza mtu tangu mwanzo kwamba maneno yake yanaweza kuingia kitabuni, kumrudia na kumsomea kilichoandikwa, na kubadili majina ya wasiotaka kujulikana. Riwaya nayo haina ruhusa ya pekee katika hili. Kijijini kila mtu hutambua bibi wa nani amechorwa, hata akipewa jina la kigeni.

Heshima kwa watu huenda pamoja na kuamini kwamba maisha yao yanafaa kuandikwa. Hapa ndipo waandishi wengi vijana wa Uwanda wa Makonde, ulipo mji wa Newala, hujikwaa. Hadithi ya kwanza huiweka Dar es Salaam, kwenye majumba ya Masaki ambayo hawajawahi kuingia, au hata London, na wahusika wakazungumza kama watu wa kwenye filamu. Wakati huohuo nyumbani kuna bibi anayekumbuka kushuka bondeni alfajiri kutafuta maji na kupanda na mtungi kichwani, kabla mabomba hayajaanza kupandisha maji uwandani miaka ya 1950. Kuna siku ya mnada wa korosho, bei inapotangazwa na umati mzima ukanyamaza. Kuna ndugu waliotenganishwa na Mto Ruvuma na mpaka wa Msumbiji. Yusuf Halimoja aliandika kitabu kizima cha historia ya Masasi, kwa Kiswahili, katika miaka ya 1970. Uamuzi wa kuandika kitabu kama hicho huanzia moyoni: lazima mtu aamini kwanza kuwa Masasi inatosha.

Zaidi ya hapo upo mfano wa Padri Kolumba Msigala wa Masasi, aliyeandika kumbukumbu za maisha yake bila kuwa na soko la vitabu mbele yake. Maandishi hayo yalihifadhiwa katika nyaraka za UMCA, na mwanahistoria Terence Ranger aliyatumia katika uchunguzi wake mashuhuri wa 1972 kuhusu namna misheni ya Masasi ilivyolijadili na kulibadili jando chini ya Askofu Vincent Lucas. Kama Msigala angengoja mchapishaji ndipo aandike, sauti ya Mwafrika aliyekuwa ndani ya mambo hayo ingekuwa hafifu zaidi leo. Mstaafu wa Newala anayejiuliza nani atasoma kumbukumbu zake anapaswa kuandika kwanza. Swali la msomaji litajibiwa baadaye, pengine na mtu ambaye bado hajazaliwa.

Kumbukumbu za wastaafu, hata hivyo, huwa na ugonjwa wake. Nyingi hugeuka orodha ya vyeo: mwaka fulani aliajiriwa, mwaka fulani akapandishwa, mwaka fulani akapewa cheti. Mwandishi hujilinda asionekane mbaya, na msomaji huchoka. Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso wilayani Masasi aliyezaliwa 1938, alikuwa na vyeo vya kutosha kujaza kitabu cha namna hiyo. Alisoma Kiingereza Makerere, akawa mhariri wa magazeti ya The Nationalist na Uhuru kuanzia 1966, baadaye Daily News, kisha waziri na Rais wa awamu ya tatu. Katika kitabu chake My Life, My Purpose, kilichotolewa na Mkuki na Nyota Novemba 2019, alikiri kwamba mauaji ya Pemba ya Januari 2001 yalikuwa doa katika uongozi wake. Kurasa hizo zilizungumziwa sana. Alifariki Julai 2020 na kuzikwa Lupaso, miezi minane tu baada ya kitabu kutoka. Funzo kwa anayeandika maisha yake ni la wazi: aandike mapema, na asiruke jambo analoliogopa, kwa kuwa mara nyingi hilo ndilo msomaji atakalolikumbuka.

Jambo linalofuata ni mtazamo juu ya muda. Wengi husema wataandika wakipata nafasi. Kwa mkulima wa korosho nafasi hiyo haiji yenyewe: kuna palizi, kuna kupuliza salfa katika miezi ya kiangazi, kisha kuanzia Oktoba ni kuokota, kukausha na kupeleka ghalani, na mwalimu naye ana mitihani katika miezi hiyohiyo. Anayeona uandishi kuwa kazi huupangia saa kama anavyolipangia shamba. Maneno 300 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ni maneno 1,500. Kwa wiki 40 yanafika 60,000, ambayo ni riwaya kamili, na bado wiki 12 zinabaki kwa msimu wa korosho. Hesabu hii haina uchawi wowote. Kinachoivuruga ni imani kwamba lazima hamu ije kwanza. Shaaban Robert aliitumikia serikali ya kikoloni kama karani kwa miaka mingi, forodhani na katika idara nyingine, na aliandika mashairi, riwaya na insha zake pembeni ya ajira hiyo. Alipofariki 1962 aliacha miswada ambayo iliendelea kuchapishwa baada yake, Kufikirika na Utubora Mkulima ikiwa miongoni mwake.

Kati ya mambo yote, linalouokoa au kuuua mswada mara nyingi zaidi ni namna mwandishi anavyopokea kukosolewa. Hapa mwalimu na padri wana ugumu wao maalumu. Mwalimu amezoea kushika kalamu nyekundu. Hajazoea kurudishiwa kazi yake ikiwa na alama za mtu mwingine. Padri, na shehe vilevile, amezoea kusikilizwa hadi mwisho bila kukatizwa. Ripoti ya mhariri inapofika ikisema sura mbili za mwanzo ziondolewe, jambo la kwanza linalomjia mtu wa namna hiyo ni kwamba amedharauliwa, na la pili ni kuuweka mswada kabatini. Kumbe mhariri ameusoma mara mbili, ametumia siku zake, na amependekeza marekebisho kwa sababu ameona kitu kinachostahili. Asiyeona kitu hujibu kwa mistari mitatu. Mkulima aliyeambiwa ghalani kwamba korosho zake zina unyevu hazichomi moto. Huzianika tena, huzichambua na kuzirudisha.

Kwa vitendo, ripoti ya mhariri isomwe siku inayofika na isijibiwe siku hiyo. Baada ya siku mbili tatu isomwe tena kwa kalamu. Makosa ya ukweli, kama tarehe, jina la mahali au mnyororo wa matukio, yasahihishwe bila mjadala. Maoni juu ya mpangilio yajaribiwe kwenye nakala nyingine kabla ya kukubaliwa au kukataliwa, kwa sababu sura huonekana tofauti inapohamishwa. Yale yanayohusu ladha, kwa mfano msemo wa Kimakonde au Kiyao ndani ya mazungumzo ambao mhariri wa mjini hauelewi, mwandishi ana haki ya kuyatetea, naye ayatetee kwa sababu na kwa adabu. Mhariri mzuri hufurahi akielezwa jambo asilolijua. Asichoweza kufanyia kazi ni mwandishi anayekubali kila kitu kwa mdomo kisha akarudisha mswada uleule.

Kabla ya mhariri, mswada unahitaji wasomaji watatu wa karibu: mmoja anayeijua mada, mmoja asiyeijua kabisa, na kijana wa sekondari. Wasiulizwe kama ni mzuri, maana kwa heshima watasema ni mzuri sana. Waulizwe waliishia wapi siku ya kwanza, ukurasa gani uliwachosha, na mhusika yupi waliyemsahau. Majibu hayo yana thamani kuliko sifa. Ndugu na marafiki wapewe tu ikiwa wana ujasiri wa kusema kweli.

Kuna pia wanaokataa kuuonyesha mswada kwa yeyote wakihofu utaibwa. Hofu hiyo ina chanzo, kwani wizi wa maandishi upo, lakini ikizidi humfungia mwandishi pekee. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda kazi tangu inapoandikwa, na ulinzi huo hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Inalinda maandishi yenyewe. Wazo tupu halilindwi, na hivyo anayeishia kuzungumzia wazo lake bila kuliandika ndiye aliye hatarini zaidi. Nakala zenye tarehe zihifadhiwe, barua pepe zitunzwe, na anayetaka uthibitisho zaidi anaweza kusajili kazi yake COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini.

Kukataliwa kabisa ni jambo jingine, na linataka subira ya aina nyingine. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar 1948, alianza kuandika akiwa kijana mhamiaji Uingereza, lakini riwaya yake ya kwanza ilichapishwa 1987, akiwa na miaka 38. Tuzo ya Nobel ya Fasihi ilimfikia 2021, na tafsiri ya Kiswahili ya Paradise, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, ikatoka 2022. Katika miaka yote hiyo aliendelea kuandika, na kwa sehemu kubwa yake alifundisha chuoni. Subira ya namna hii haina maana ya kutuma mswada uleule kwa mchapishaji yuleyule kila mwaka. Aliyekataliwa mara tatu ausome mswada wake upya kama wa mtu mwingine, na akiona kasoro airekebishe. Asipoiona, atafute mchapishaji anayetoa vitabu vya aina hiyo. Tenzi hazipelekwi kwa kampuni inayotoa vitabu vya kiada tu. Ndanda, chini ya uwanda, kuna kiwanda cha uchapaji cha Wabenedikto ambacho kwa miongo mingi kimechapa vitabu vya dini na vya elimu ya jamii kwa Kiswahili, na kwa kazi za namna hiyo jirani huyo huenda akafaa kuliko ofisi za mbali.

Mashindano yanafungua njia kwa wasiojulikana. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza 13 Aprili 2023. Tuzo ya Kiswahili iliyoitwa awali Mabati-Cornell ilianzishwa 2014, na miongoni mwa washindi wake wa kwanza 2015 walikuwa Anna Samwel Manyanza na Mohammed Khelef Ghassani. Mtazamo unaomwangusha mshiriki hapa ni kudharau masharti. Mswada uliozidi kurasa, usio na nambari, au uliotumwa siku moja baada ya tarehe ya mwisho hauwezi kushindana hata ukiwa bora. Mwingine unaodhuru ni kudhani kwamba washindi wamepangwa. Anayeamini hivyo haandiki tena, na hasara ni yake.

Kuhusu fedha, ujinga na tamaa vinadhuru sawasawa. Mrabaha mara nyingi huzunguka asilimia 10 ya bei, na mkataba unapaswa kueleza unalipwa lini na kwa hesabu ipi. Kuuliza hayo hakumfanyi mwandishi kuwa mlalamishi. Anayejichapishia kwa fedha zake na aanze na nakala chache, apate nambari ya ISBN kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, amlipe mhariri kabla ya kumlipa mchora jalada, na apange uzinduzi kwa kufuata mifuko ya wasomaji wake. Huko Newala na Masasi, mwezi ambao malipo ya korosho yameingia ndio mwezi ambao mzazi anaweza kununua kitabu pamoja na madaftari. Mwandishi anayekwenda shuleni na kwenye redio za jamii kuzungumza, akajibu maswali ya wanafunzi bila kuwabeza, huuza zaidi ya anayengoja sifa imtangulie.

Haya yote yana mpaka, na si haki kuuficha. Gharama ya karatasi, uchache wa maduka ya vitabu, na soko lililoshikwa na vitabu vya kiada ni vikwazo ambavyo moyo mwema hauviondoi. Wapo waandishi wa uwanda wenye nidhamu, unyenyekevu na subira ambao miswada yao bado haijachapwa. Kuwaambia kwamba kosa ni la mtazamo wao ni kuwaonea. Mtazamo hauhakikishi mafanikio. Unahakikisha kwamba nafasi inapotokea, kuna mswada uliokamilika, safi, na mtu anayeweza kufanya kazi na wenzake hadi uwe kitabu.

Kwa hiyo mwenye mswada uliolala kabatini, awe Chiwata, Lulindi, Kitangari au Newala mjini, autoe sasa na kuwapa wasomaji watatu kabla Oktoba haijafika na watu hawajaingia mashambani kuokota. Tuzo ya Nyerere hutolewa Aprili, na miswada hupokelewa miezi kadhaa kabla yake.